Pengo Lililopata Uzamili

"Inatangazwa kwa wananchi wote wa Jamhuri Tukufu ya Keshoasubuhi, waliomo ndani ya mipaka na waliokwisha kutoroka, ya kwamba kuanzia saa hii hakuna tatizo lolote la umma litakaloguswa, kupunguzwa wala kutatuliwa na mtu asiye na Shahada ya Uzamili ya Sera za Umma na Mambo ya Dunia. Zama za kubahatisha zimekwisha. Zama za kufikiri zimeanza. Atakayekutwa akitatua tatizo bila shahada atachukuliwa hatua kali!"

Tangazo hilo lilisomwa kwa kipaza sauti kutoka juu ya gari la serikali, na kabla msomaji hajafika kwenye hatua kali, gari likazama kwenye tope. Wananchi wa mji wa Mteremkoni ni watu wenye adabu. Walikunja suruali, wakapanga mabega nyuma ya gari, wakalisukuma mpaka likatoka. Ofisa aliwapungia mkono wa shukrani, kisha akawashukia na kuwaonya: kwa kuwa hakuna hata mmoja wao mwenye uzamili, gari lile limetolewa kinyume cha sheria, ila kwa leo watasamehewa.

Nchi hii, msomaji, haipo. Nimeitafuta kwenye ramani ya darasani kwetu sikuiona, ingawa ramani yenyewe imeliwa na mende upande mmoja. Iko mbali mno, haifanani na kwetu hata kidogo, na mimi simfahamu mtu yeyote aliyemo humo. Nasimulia tu.

*

Miongoni mwa waliosukuma gari alikuwa Nyamizi, karani msaidizi wa halmashauri ya mji huo, msichana mrefu mwenye tabia ya kumaliza kazi siku hiyohiyo, jambo ambalo wakubwa wake walikuwa wameshaliundia kamati. Alikuwa na tatizo moja tu maishani, nalo lilikuwa juu ya mto.

Mto wa Mteremkoni unaukata mji katikati. Ng'ambo hii ziko nyumba za watu. Ng'ambo ile liko soko, zahanati, na shule ya bweni ya wavulana. Kati yake kuna daraja la mbao, na siku moja lori la maharage ya shule lilipita juu yake likavunja ubao. Mmoja tu. Ukabaki uwazi katikati ya daraja, chini yake maji yanakimbia na mawe yanaonyesha meno, na mtu hawezi kuupita ila kwa kuruka.

Wengi waliruka tu wakaendelea na safari zao. Lakini Bi. Sikitu, mama yake Nyamizi, alikuwa mtu mzima, tena aliruka akiwa na beseni la vitumbua kichwani. Ndiye aliyekuwa akiilisha ile shule ya bweni asubuhi. Vitumbua vyake, nasikia, vilikuwa na iliki ya kutosha, na cha pembeni kilikuwa na ukoko mtamu kuliko vyote. Kila alfajiri Nyamizi alimsindikiza mpaka darajani, akasimama, akabana pumzi. Mama alirudi nyuma kidogo, akashika beseni, akaruka. Nyamizi hakupumua mpaka asikie miguu yote miwili imegonga mbao za upande wa pili. Hofu yake ilikuwa hiyo na hakuwa na nyingine: iko siku mama ataruka, asifike.

Akaenda kwa mkurugenzi wa halmashauri.

"Ubao upo stoo," mkurugenzi alisema kwa huruma kubwa. "Misumari ipo. Nyundo ipo, inashikilia mlango wa ofisi yangu. Wewe una uzamili?"

"Sina, mheshimiwa."

"Hata mimi sina. Unaona sasa tulivyokwama?"

Jioni ile Nyamizi alimweleza mama yake kwamba anakwenda kusoma.

"Miaka mingapi?" Bi. Sikitu aliuliza. Alikuwa akikaanga, ameketi juu ya ubao mpya wa msonobari alioununua mwenyewe wiki ile daraja lilipotoboka, akakatazwa kuuweka.

"Miwili tu, mama."

"Miaka miwili kwa ajili ya ubao ninaoukalia?"

"Nikirudi nitakuwa na mamlaka ya kuuweka."

"Haya, nenda. Mimi nitaendelea kuruka. Ila usome haraka, mwanangu, magoti haya hayasomi."

*

Barua ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Taifa cha Kufikiri ilimtaka kila mwanafunzi aripoti na godoro, ndoo yenye mfuniko, fagio la chelewa, na tatizo moja la umma likiwa katika hali nzuri. Wenzake walikuja na matatizo ya kila aina. Kulikuwa na kijana mmoja mwenye taa za barabarani zinazowaka mchana, na dada mmoja aliyekuja na hospitali nzima. Nyamizi alifika mapokezini, akaulizwa tatizo lake, akasema: daraja la Mteremkoni. Karani akaligonga muhuri na kumpa risiti.

Msimamizi wake alikuwa Profesa Ndondola, mtu mnene wa heshima aliyevaa vitambulisho vya mikutano shingoni, kimoja juu ya kingine, mpaka kifua kikawa kinalia anapopumua.

"Tatizo zuri sana," Profesa alisema akitazama picha ya daraja. "Dogo, safi, halina mambo mengi. Umelipata wapi?"

"Nyumbani, Profesa. Na nilikuwa nafikiri, wakati nasoma, halmashauri iweke ubao wa muda, maana mama yangu..."

Profesa alishika kifua, vitambulisho vikalia. "Ubao? Binti, hujasoma Sheria ya Kulinda Matatizo Yanayofanyiwa Utafiti?"

Hakuwa ameisoma. Sheria ile ilisema hivi: tatizo likishasajiliwa kuwa mada ya tasnifu, ni marufuku kwa mtu yeyote kulitatua mpaka tasnifu itetewe, kwa sababu tatizo likitatuliwa mwanafunzi atabaki hana cha kusoma, na taifa litakuwa limepoteza msomi. Mpaka asubuhi ile pengo la Mteremkoni lilikuwa limeachwa kwa uvivu wa kawaida. Kuanzia alipopewa risiti, lilikuwa linalindwa na dola.

"Kwa hiyo nisingekuja hapa..." Nyamizi alianza.

"Usingekuja hapa, mtu yeyote mkorofi angeweza kuliziba wakati wowote," Profesa alisema. "Umeliokoa."

Wiki ileile aliletwa mlinzi pale darajani, Afande Chaurembo, pamoja na kibao kilichoandikwa: USIZIBE. UTAFITI UNAENDELEA.

*

Masomo yalikuwa mazito. Muhula wa kwanza walijifunza kwamba hakuna tatizo, kuna changamoto. Muhula wa pili walijifunza kwamba hakuna changamoto, kuna fursa. Mwanafunzi mmoja aliyeuliza kama muhula wa tatu watajifunza kwamba hakuna fursa alitolewa nje. Kulikuwa na somo la kuandaa warsha, ambalo mtihani wake ulikuwa kuandaa warsha ya kupanga warsha. Kulikuwa na somo la Mambo ya Dunia kwa vitendo, ambamo walifundishwa kusikiliza hotuba wakiwa na vile visikizio vya tafsiri masikioni, wakitikisa kichwa hata kama havina betri.

Nyamizi alisoma kwa bidii iliyowatia walimu wasiwasi uleule wa halmashauri. Alitaka kumaliza. Usiku wa mvua alilala akisikiliza paa na kufikiria mbao zilizolowa, na mguu wa mama unaotua.

Likizo ya kwanza alipofika nyumbani alikuta darajani kuna wadadisi wa utafiti, wamevaa fulana zinazofanana, wamekaa kwenye viti vya plastiki. Walikuwa wamechora chaki mahali Bi. Sikitu anaporukia na mahali anapotua. Mama alikuwa akibishana nao, beseni kichwani.

"Mama, jana ulianza na mguu wa kulia," alisema mdadisi mmoja. "Leo wa kushoto. Unatuharibia."

"Na wewe kaka yangu, jana ulikuwa umechana nywele, mbona sikukusema?"

"Tunaomba uruke kama unavyoruka siku zote."

"Siku zote huwa naruka bila watu wazima kunikodolea. Afande, hawa nao unawalinda?"

"Nalinda pengo tu, mama," Afande Chaurembo alijibu kwa unyenyekevu.

Bi. Sikitu akaruka. Wadadisi wakapiga makofi, wakaandika. Kisha akageuka akamwona binti yake amesimama ng'ambo ya nyumbani, mkono mdomoni.

"Ehee, msomi wangu!" alipaza sauti juu ya maji. "Kwa hiyo mimi niliuza vitumbua nikakupeleka chuo, wewe ukaenda ukawapa pengo langu?"

"Mama, ni utafiti..."

"Utafiti unaruka? Mimi ndiye ninayeruka!"

Chuo kilikuwa hakijafika kwenye somo la majibu.

*

Mwaka wa pili Profesa aligundua upungufu. Tasnifu ilikuwa na sera za umma, lakini mambo ya dunia yako wapi? Lazima pengo lilinganishwe na la nchi ya nje. Ujumbe ukaundwa, ukiongozwa na Waziri wa Matatizo mwenyewe, Mheshimiwa Mkungumale, ukaenda nchi ya baridi kutazama daraja. Nyamizi hakuchukuliwa kwa sababu nafasi ya mtafiti ilikuwa imepewa mpwa wa Waziri, ambaye hakuwahi kuona barafu.

Ujumbe ulirudi umekatishwa tamaa. "Wenzetu wako nyuma sana," Mheshimiwa Mkungumale alitangaza uwanja wa ndege, akiwa bado amevaa koti la manyoya na jasho likimtiririka. "Daraja lao halina pengo hata moja! Watu wanavuka tu, ovyoovyo, hakuna mlinzi, hakuna chaki, hakuna anayejua nani amevuka. Nilimuuliza meya wao, mnajifunzaje? Nikamwalika aje Mteremkoni."

Mwezi huohuo, asubuhi ya manyunyu, Bi. Sikitu aliruka kama alivyoruka siku zote, na hakufika.

Hakuanguka mtoni. Alinasa kwapani, nusu yake juu ya daraja na nusu chini, mguu umepiga boriti. Beseni lilikwenda na maji, vitumbua vikielea nyuma yake kimoja kimoja kama wanafunzi wanaochelewa mstarini. Afande Chaurembo alitupa bunduki akakimbia kumvuta, lakini mdadisi aliyekuwa zamu alimzuia kwa adabu: kwanza dodoso.

"Mama, pole sana. Kwa kipimo cha moja hadi tano, ambapo moja ni kutoridhika kabisa na tano ni kuridhika sana, unaridhika kwa kiasi gani na daraja hili?"

"Nivute, mtoto wa mwenzangu!"

"Nitakuvuta, mama. Niandike ngapi?"

"Andika unayotaka, nivute!"

Akaandika tatu, ambayo ni wastani, na wakamvuta. Mguu ulikuwa umevunjika. Shule ya bweni ilikunywa uji mtupu asubuhi ile na zilizofuata. Nasikia ilikuwa kama msiba.

Nyamizi alipata habari kutoka kwa Profesa, aliyemjia mbio koridoni akiwa na uso wa sikukuu. "Hongera, binti! Umepata tukio! Wengine wanamaliza shahada hawajapata hata ajali ndogo!"

Alisimama akimtazama, machozi yakimtoka bila sauti. Kisha akasema anaacha chuo, anataka kurudisha tatizo.

Profesa akamkalisha. Akamweleza kwa sauti ya baba kwamba mwanafunzi akiacha, tatizo halirudi nyumbani. Linakwenda Benki ya Matatizo, na lile la kwake limeshakuwa na foleni ya watu wa shahada ya uzamivu, ambao huchukua miaka saba kama hawana haraka. "Sasa mama ana mguu mmoja mzima," Profesa alisema. "Miaka saba ni mingi kwa mguu mmoja. Njia fupi ni kumaliza."

Akarudi mezani akaandika.

*

Siku ya kutetea tasnifu, jopo lilikaa nyuma ya meza yenye kitambaa cha kijani na chupa za maji. Nyamizi alieleza kila kitu. Mwishowe mwenyekiti akauliza: "Na pendekezo lako kwa taifa?"

"Uwekwe ubao."

Mjumbe mmoja akakohoa kwa niaba ya wenzake.

"Hilo ni pendekezo la seremala," mwenyekiti alisema. "Hapa tunatoa uzamili. Nenda ukalikuze."

Alikwenda akalikuza. Aliporudi, pendekezo lilisomeka: "Kuwepo uwekezaji jumuishi, shirikishi na endelevu katika mwendelezo wa sakafu, kwa kuwahusisha wadau wa pande zote mbili za nafasi." Jopo lilisimama likapiga makofi. Mjumbe aliyekohoa alisema kwamba amefumbuliwa macho. Nyamizi akapewa uzamili wa daraja la kwanza, na siku ya mahafali Bi. Sikitu alikaa mstari wa mbele, mguu kwenye plasta, akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

"Sasa unaweka?" alimuuliza binti yake walipokumbatiana.

"Kesho, mama. Kesho asubuhi."

Jukwaani Mheshimiwa Mkungumale alikuwa bado hajamaliza. Kutokana na ubora wa tasnifu hii, alisema, serikali imeamua kuliheshimu daraja la Mteremkoni. Kuanzia leo litakuwa Kituo cha Taifa cha Mafunzo ya Pengo, litahifadhiwa kama lilivyo kwa vizazi vijavyo, na kila mwaka wanafunzi wa uzamili watakuja kulisoma. Na mkurugenzi wa kwanza wa kituo, ambaye kazi yake ya kwanza kabisa ni kuhakikisha hakuna anayeliziba, ni Bi. Nyamizi!

Makofi yalilipuka. Bi. Sikitu, ambaye hakusikia vizuri, alipiga kigelegele kimoja zaidi, kisha akaona uso wa binti yake akanyamaza.

*

Plasta ilipotolewa, Bi. Sikitu alirudi kwenye kazi yake. Shule haikuhamia ng'ambo ya nyumbani, na vitumbua haviogelei zaidi ya mara moja. Lakini kabla ya kuruka alikwenda darajani kwanza akiwa na mchuuzi wa maji, na juu ya mkokoteni wa mchuuzi kulikuwa na ule ubao wa msonobari.

Nyamizi alikuwa mlangoni mwa ofisi yake, kibanda kilichojengwa palepale penye daraja kwa mbao ambazo zingetosha kuziba mapengo ya wilaya nzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkurugenzi. Sogea niweke kitu changu."

"Mama, nakuomba. Ukiuweka, Afande atakukamata. Na anayetia saini ya kukushtaki ni mimi."

"Si uache kutia."

"Nikiacha, wananiweka ndani mimi, na wewe wanakushtaki kwa saini ya mwingine."

Bi. Sikitu akamtazama Afande Chaurembo. Afande akatazama mto. Mama akamtazama tena binti yake, koti la suti, kitambulisho shingoni, macho mekundu. Akaushusha ubao, akauegemeza kwenye ukuta wa kibanda.

"Basi nauacha hapa," alisema. "Ukishindwa kuuweka, ukalie. Mimi nimeukalia sana, una joto."

Akarudi nyuma kidogo, akashika beseni, akaruka kwa mguu uliounganishwa. Nyamizi akabana pumzi.

*

Sherehe ya kuzindua Kituo ilikuwa kubwa. Yule meya wa nchi ya baridi alikuja kweli, akakaa karibu na Waziri akipepewa. Mitambo ya sauti iliazimwa kutoka shule ya bweni, pamoja na kwaya yake na mvulana mmoja wa kushika mitambo, ambaye hana umuhimu wowote katika hadithi hii. Jukwaa na watu wote walikuwa ng'ambo ya nyumbani, mkabala na bendera.

Lazima nieleze desturi moja ya Keshoasubuhi. Wimbo wao wa taifa ukipigwa, kila kiumbe husimama mguu sawa, macho kwenye bendera. Kugeuka ni kosa. Kukuna pua ni kosa kubwa. Mtu akiungua, ataungua akiwa mguu sawa. Na hapo ndipo palipotokea hitilafu ya mitambo: wimbo ulifika mwisho, Waziri akavuta pumzi ya kuanza hotuba, na wimbo ukaanza upya.

Ukaisha, ukaanza tena. Hakuna aliyeweza kwenda kuuzima, maana kwenda ni kutembea. Jasho lilimshuka Mheshimiwa Mkungumale likaingia kwenye jicho, naye akaliacha. Meya wa nchi ya baridi aliyumba kama mgomba. Macho yote yalikuwa kwenye bendera, na wakati yako kwenye bendera, ubao wa msonobari uliondoka penye ukuta wa kibanda, ukaburuzwa taratibu, ukalala juu ya pengo.

Bi. Sikitu alikuwa anarudi kutoka shuleni na beseni tupu, ng'ambo ya pili, mbali na bendera. Alifika katikati akauona. Akasimama. Akanyoosha mguu ule uliovunjika, akaukanyaga ubao mara mbili kama mtu anayebisha hodi, kisha akapita. Hakuruka. Alipita akitembea, polepole, kama mtu anayevuka chumba chake kwenda kuchukua chumvi. Naye Nyamizi, pale jukwaani, mguu sawa, alimwona kwa pembe ya jicho, machozi yakamfika kidevuni yakaning'inia, na kwa mara ya kwanza tangu lile lori la maharage akapumua mama yake akiwa bado katikati ya daraja.

Kisha betri za mitambo zikaisha.

Pengo likarudishwa katika hali yake kabla hotuba haijaanza. Ubao ukachukuliwa kuwa kidhibiti. Polisi waliwahoji wote waliokuwepo, na wote walijibu jambo moja, kuanzia Waziri hadi Afande Chaurembo: hatukuona, tulikuwa tunatazama bendera. Ambaye angesema aliona angekuwa amekiri kwamba aligeuka. Kesi ikakosa shahidi, na hadithi yangu inaishia hapo.

*

Haikuishia hapo. Karatasi hizi zilikuwa insha ya darasa la nne yenye kichwa "Maendeleo ya Nchi ya Mbali", na mwalimu wetu wa nidhamu, Mwalimu Ngonyo, amezisoma kabla yenu. Ameniita ofisini, akavua miwani, akaniuliza swali moja tu, kwa upole ambao hatujauzoea.

"Kama watu wote walikuwa wanatazama bendera, wewe umejuaje kwamba yule mama alikanyaga ubao mara mbili?"

Nilitazama dirishani. Ukiwa ofisini mwa Mwalimu Ngonyo unaliona daraja vizuri sana.

Basi nakiri. Hapakuwa na hitilafu ya mitambo. Ubao ulinuka mafuta ya kukaangia na iliki, na ulikuwa mwepesi kuliko nilivyofikiri. Nakiri pia kwamba Keshoasubuhi haiko mbali, na kwamba nilipoitafuta kwenye ramani sikutazama upande walioula mende.

Nilitegemea viboko, nikavaa suruali mbili. Sikupigwa. Mwalimu Ngonyo alikuwa tayari kunisamehe au kunichapa, vyovyote, lakini ilikuja barua kutoka chuoni kuwa tukio langu limesajiliwa kuwa mada ya tasnifu, na tatizo likishasajiliwa haliguswi. Siwezi kuadhibiwa wala kusamehewa, siwezi kufukuzwa wala kwenda likizo, mpaka mtu amalize kunisoma. Shule imefungwa, wenzangu wameondoka na masanduku yao. Mimi nimewekewa mlinzi.

Jana mkurugenzi wa Kituo alikuja kunihoji, maana tukio limetokea kwenye eneo lake. Alikaa mbele yangu na dodoso. Mdadisi mkuu alisimama mlangoni akisikiliza.

"Mama anaendeleaje?" nilimuuliza kwanza.

"Anaruka," alisema. "Anasema akifika katikati, mguu unautafuta ule ubao."

Kisha akakaza sauti, kwa ajili ya mlangoni. "Kwa kipimo cha moja hadi tano, ambapo moja ni kutojuta kabisa na tano ni kujuta sana, unajutia kitendo chako kwa kiasi gani?"

"Moja," nikasema.

Nyamizi akanitazama. Akainamisha kichwa, akaandika tano, akageuza karatasi ili mdadisi aione. Ndiyo sera ya umma pekee iliyopata kunifikia.